Kuokota Maganda ya Risasi Bila Kuinama

Binti aliyepokea funguo zangu za stoo alinipigia simu juzi. Baada ya shikamoo, na baada ya kuniulizia mahindi na maharage yangu hapa Maretadu, akafika kwenye shida yake. "Mama, kuna hili dude linaning'inia nyuma ya mlango. Lina mpini mrefu, halafu kwenye ncha kuna kitenga cha waya. Tumelijadili sana hapa. Wengi wanasema ni la kuku." Nikamuuliza wamelifanyia nini. "Tumeweka mayai, Mama," akasema.

Ndiyo maana naandika. Kuhusu vyeo vyangu sitaandika, habari yenyewe ingeisha kabla chai haijapoa. Mshahara nao tuuache. Nataka wale mliobaki kazini mjue dude lile ni nini, lilitoka wapi, na kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alilia chooni kwa ajili ya kazi ya kuokota takataka. Mayai yatoeni leo hii.

Nilianza kama mtunza vifaa wa mafunzo ya mgambo, nikihudumia kozi za huku kwetu Mbulu na za upande wa Hanang. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu niliambiwa nimeajiriwa ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa malisho ya ng'ombe kule Dirma, chini ya kilima kilichokuwa kinazuia risasi zisiende kwa watu. Siku za kulenga shabaha palikuwa pa kwetu. Siku nyingine zote palikuwa pa mifugo, na mifugo ilihakikisha hatusahau.

Aliyenipokea alikuwa Afande Safari, sajini mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alitazama viatu vyangu, akatazama mbingu, kisha akanifundisha kazi yote kwa muda mfupi. Risasi ikipigwa, alisema, kichwa chake kinakwenda kwenye shabaha, au kilimani, au anakojua Mungu, kutegemeana na mwanafunzi. Ganda lake la shaba linaruka pembeni na kuanguka kwenye nyasi. Ganda hilo ni mali ya serikali. Lazima lirudi stoo, maana ndilo linaloonyesha kwamba risasi ilipigwa uwanjani na haikuondoka kwenye mfuko wa mtu.

"Sasa sikiliza, binti," akasema. "Hakuna ganda, hakuna chai. Likipungua moja, hakuna anayekunywa. Mimi mwenyewe sinywi. Na mimi napenda chai."

Alikuwa mwalimu wangu kwa miaka mingi na namshukuru mpaka leo, ila nasema ukweli, sikuwahi kumwona akiinama. Yeye alikuwa na fimbo. Alitembea nyuma yetu akielekeza. "Lile pale. Na lile. Siyo hilo, hilo ni jiwe. Macho yako yanafanya nini?" Sisi wengine tuliinama mstari mzima, bega kwa bega, makalio juu, tukisogea pole pole kwenye nyasi kama watu wanaopalilia kitu ambacho hakikupandwa.

Hapo ndipo alipoingia kwenye habari hii Mzee Gidamis. Huyu alikuwa mfugaji wa Dirma, mrefu, mkavu, mwenye shuka na fimbo na makubazi ya tairi la gari, na alikuwa mmoja wa wazee waliokubali malisho yao yatumiwe na mgambo. Njia yake ya kwenda kunywesha ilipita pembeni ya uwanja. Siku moja alitokea wakati tunaokota. Akaona mstari wa vijana wa serikali, wake kwa waume, wote wameinama mbele yake kimya. Akasimama. Akashusha fimbo. Akasema kwa heshima kubwa, "Marahaba." Kisha akatembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, akitujibu mmoja mmoja. "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ungeanzia wapi? Kila kozi akawa anapita, kila mara anatukuta tumeinama, kila mara anajibu. Tulisikia huko kijijini anawaambia watu kwamba vijana wa siku hizi wameharibika wote, isipokuwa mgambo. Mgambo wamefundishwa.

Afande Safari akastaafu na fimbo yake. Miaka ikaenda, mimi nikaendelea kuinama. Sasa mgongo nao ni mtumishi kama mtumishi mwingine, unafika siku unaandika barua. Wangu uliandika Gitting. Tulikuwa kwenye kozi huko, nimeinama nachukua ganda lililoingia kwenye kichaka, nikataka kuinuka, nikakuta njia imefungwa. Sikuweza kwenda juu wala chini. Walinibeba hivyo hivyo nilivyojikunja mpaka kwenye gari, na kwa kuwa kukaa nilishindwa, nilisafiri nyuma pamoja na shabaha za mbao, kwa mikono na magoti, mpaka zahanati. Njiani tulipishana na watu wanaonifahamu. Niliwapungia mkono, ningefanyaje?

Daktari akaandika nisiiname. Nikamweleza kazi yangu. Akachukua karatasi, akaandika tena maneno yale yale kwa herufi kubwa.

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa Afande Gwandu, kijana mpole ambaye angeweza kuwa mwanangu. Aliniita, akanikaribisha kiti, akanisubiri nikae, jambo lililochukua muda. Akasema, "Mama, umebakiza muda mfupi ustaafu. Nakuhamishia mapokezi. Kuna kiti kizuri, kuna kalenda, unaandikisha wageni. Utapumzika."

Nikasema ahsante, nikaenda chooni, nikalia. Naeleza hili bila aibu. Watu wanadhani kazi ya uwanjani ni mateso, lakini mimi nilikuwa naipenda. Nilipenda asubuhi ya Dirma kabla ya risasi ya kwanza, Mlima Hanang umevaa wingu, vijana wamejikunyata kwa baridi wakijifanya hawaogopi. Nilipenda kumwona mtu aliyekuja anatetemeka anaondoka ametoboa shabaha. Nilitaka kumalizia miaka yangu pale, nimesimama kwenye nyasi, siyo kwenye kiti naangalia kalenda inavyonihesabu.

Nikanawa uso, nikarudi kwake. "Afande, nipe kozi hii moja ya Dirma. Siku ya mwisho ya shabaha nitaokota maganda yote bila kuinama. Yakitimia, nabaki uwanjani mpaka nistaafu. Likipotea hata moja, nakwenda mapokezi kimya kimya."

Akafikiri. "Kimya, Mama?"

"Kimya."

Nadhani hilo neno ndilo lililomshawishi.

Hapo nikaanza kutafuta kifaa. Nilikwenda Katesh kwa Fundi Rajabu, fundi wa baiskeli na redio na chochote kilichoharibika, mtu wa maneno mengi na spana chache. Nilimwomba anitolee sumaku kwenye spika mbovu. Akaitoa, tukaifunga kwenye kijiti. Kesho yake niliipitisha uwanjani kwa maringo. Ilileta misumari, vizibo vya soda, kipande cha panga, na kijiko ambacho mpishi alikuwa anakitafuta tangu kozi iliyopita. Maganda yalibaki yamelala yananitazama. Nilirudi kwa Rajabu na hasira. Akajikuna. "Mama Paskalina, shaba haishikwi na sumaku."

"Ulijua jana?"

"Nilijua. Lakini hukuuliza."

Jaribio la pili lilikuwa turubai, lile tunaloanikia mahindi. Niliwalaza vijana juu yake ili maganda yaangukie humo, niwe nakunja tu. Wazo zuri, kwa mtu ambaye hajawahi kushika ganda likiwa limetoka kwenye bunduki sasa hivi. Turubai likatoboka kama chujio. Ganda moja likamwingia kijana mmoja kwenye kola, akaruka akaanza kucheza, wenzake wakadhani ni furaha ya kupiga shabaha, wakampigia makofi. Kisha upepo wa mlimani ukaja, ukalichukua turubai zima, tukalikuta jioni kwenye paa la mtu.

Nikajaribu kipande cha bomba la plastiki. Unalisimamishia ganda mdomo wa bomba, unagandamiza, linapanda ndani. Lilifanya kazi vizuri sana, ganda moja baada ya jingine, na kwa kasi ile ningemaliza uwanja mzima wakati wa mavuno.

Dawa niliipata nyumbani, kwenye tenga la kuku. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mgongo wangu, nikaona tetea mmoja mlafi ameiona punje nje ya tenga. Akasukuma kichwa kati ya fito. Fito zikaachana, kichwa kikapita, fito zikarudi mahali pake. Akabaki hivyo, kichwa nje, mwili ndani, ananitazama kama mimi ndiye niliyemshauri. Nikaruka. Kwa kweli sikuruka, niliinuka kwa awamu. Lakini siku hiyo hiyo nilikuwa Katesh.

"Rajabu, nataka tenga la waya, umbo la yai, linalozunguka kwenye ncha ya mpini. Nikilisukuma chini, waya zilikanyage ganda, ziachane, ganda liingie, zijifunge."

Rajabu akacheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akachukua mkaa, akaanza kuchora sakafuni. La kwanza alilitengeneza kwa spoki. Spoki zilikuwa ngumu mno, badala ya kumeza maganda zilikuwa zinayarusha, na moja lilivunja kioo cha taa ya pikipiki ya mteja wake. La pili akatumia waya za breki, ambazo zinalegea kisha zinarudi. Tulilijaribu kwa vifuniko vya kalamu hapo kibarazani. Likavimeza vyote. Kwenye mdomo wa ndoo ya kuwekea maganda akaweka chuma kilichopinda, unachokoa nacho waya, mzigo unamwagika. Rajabu alisimama akakitazama kifaa kizima kama mtoto wake wa kwanza. Tukakiita Kitenga.

Siku ya kukijaribu uwanjani nilitembea nimenyooka, natembeza Kitenga mbele yangu, taratibu, kama bibi harusi. Vijana wamesimama wanatazama, hakuna aliyeinama. Ndani ya waya nasikia mambo yanaingia. Nikaenda kwenye ndoo mbele ya Afande Gwandu, nikachokoa waya, nikamwaga. Afande akachungulia. Akachungulia tena.

"Mama, hiki ni nini?"

Yalikuwa mavi ya mbuzi. Maganda yalikuwepo pia, machache, yamejificha kwa aibu. Mnaofuga mnajua, kile kidonge cha mbuzi kikikauka kina unene ule ule wa ganda la risasi, na kwa wingi hakuna jeshi linaloshindana na mbuzi. Hata chai siku hiyo ilikosa wanywaji.

Mbuzi walikuwa wa Mzee Gidamis. Zamani aliwapitisha pembeni, lakini siku hizo alikuwa anawaleta katikati kabisa ya uwanja jioni, na wanalala hapo. Nikaona hilo siyo bahati mbaya. Nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya boma, nikamwamkia, akaniitikia kwa shingo upande.

"Mzee, mbuzi wanatupa shida uwanjani."

"Uwanja?" akasema. "Mimi najua malisho. Malisho niliwapa watu wenye adabu. Miaka yote napita, wanangu wanainama mpaka chini, nasema marahaba, naenda nyumbani moyo mweupe. Majuzi napita, wote wamesimama kama nguzo! Na wewe, mtu mzima, unapitisha kijiti kwenye nyasi, hata kuniangalia hakuna. Nikasema basi, imekwisha. Acha mbuzi wakae."

Sasa mnaona nilipokuwa. Nikimwacha na imani yake, mbuzi wanabaki, Kitenga kinashindwa, mimi naenda mapokezi. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemvua mzee wa watu heshima ya miaka yote. Nilikunywa maziwa aliyonipa pole pole sana. Kisha nikasema.

"Mzee, tulikuwa tunaokota maganda."

"Lini?"

"Siku zote zile."

Akamtazama ndama aliyefungwa hapo, akatazama fimbo yake. "Na siku ile ya mvua? Waliinama na matope yote yale?"

"Maganda yalikuwa yamezama, Mzee."

Nilimhurumia. "Kwa hiyo," akasema mwisho, "nimeitikia watu ambao hawajaniamkia." Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kinamtafutia njia. Tulicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza kuna nini, naye Mzee akakataa katakata kumwambia.

Tukapatana hapo hapo. Mbuzi watahamia upande wa pili wa kilima mpaka kozi iishe. Na sisi, kila akipita, tutamwamkia kwa mdomo, wote kwa pamoja, tumesimama wima. Kitenga nikakipitisha siku mbili kusafisha yaliyokwisha kuanguka, nikayapeleka bustanini kwa mpishi, na mchicha wa kozi ile haujapata kutokea mwingine.

Siku ya mwisho ya shabaha ikafika. Vijana walipiga tangu asubuhi. Walipomaliza, Afande Gwandu akawasogeza wote pembeni, akaniachia uwanja. Nikapita mstari wa kwanza, wa pili, nikarudia. Kitenga kinameza, ndoo inalia. Katikati ya kazi Mzee Gidamis akatokea, naye alikuwa amevaa shuka safi. Vijana wakapaza sauti, "Shikamoo Mzee!" mpaka kilima kikaitikia. Akatembea mbele yao wote, kwenye nyasi walikokuwa wanalala kupiga, akiwajibu, na safari hii alikuwa na haki yake.

Nikamaliza. Afande akahesabu maganda ya ndooni. Akahesabu tena, akavua kofia.

"Mama, limepungua moja."

Nikapitisha Kitenga tena kila mahali. Nyasi zilikuwa safi kuliko sakafu ya kanisa. Vijana waliomba waruhusiwe kuinama wanisaidie, nikawakatalia, maana ahadi ilikuwa ahadi. Nilianza kuiona ile kalenda ya mapokezi. Nilisimama katikati ya uwanja, machozi yamefika karibu, sina cha kufanya ila kusikiliza watu wanavyoninyamazia.

Ndipo nikasikia. Mzee Gidamis alikuwa anaondoka, amefika kwenye mwamba pale njiani. Mguu wa kushoto ulikanyaga kimya. Wa kulia ukagonga. Kushoto kimya, kulia *ngling*.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Usitembee!"

Akaganda mguu mmoja hewani. Afande na mimi tukaenda mbio, yaani yeye mbio, mimi nilivyoweza. Tukamketisha juu ya mwamba, akainua mguu. Ganda lilikuwa limenasa kwenye meno ya tairi la kubazi lake, limesimama wima, linang'aa. Afande akanyoosha mkono kulichomoa.

"Acha!" nikasema. "Hilo ni langu."

Nikaweka Kitenga kwenye soli ya Mzee, nikasukuma. Akaanza kujinyonganyonga na kucheka, kumbe waya zinamtekenya vidole. "We mama, utaniua!" Afande akamshika mabega, mimi nikasukuma mara ya pili kwa nguvu. Waya zikaachana, ganda likaingia, zikajifunga. Nikalipeleka ndooni nimenyooka hivyo hivyo, nikachokoa, likalia chini. Afande akavaa kofia. "Yametimia," akasema. "Mama, unabaki." Nikamkumbatia mbele ya kozi nzima, jambo ambalo haliruhusiwi.

Nilibaki kweli. Nilimalizia miaka yangu uwanjani, na mara ya mwisho nilikuwa hapo hapo Dirma. Nilipitisha Kitenga, nikamwaga, Afande Gwandu akahesabu, akasema limepungua moja. Nikageuka nikitafuta. Vijana walikuwa wamejipanga mistari miwili, kimya, wakitazamana, na kati yao kwenye nyasi ganda moja limelala. Walikuwa wameliacha makusudi.

Afande akaninong'oneza, "Pita ukalichukue, Mama."

Nikampa Kitenga akishike. Nikatembea katikati yao, nikafika, nikaweka mkono mmoja kiunoni, nikainama. Taratibu, mpaka chini. Nikaliokota kwa vidole vyangu. Lilikuwa na joto la jua.

Kuinama niliinama mwenyewe. Kuinuka waliniinua Afande na vijana wawili, na hakuna aliyecheka mpaka nilipoanza mimi.